Alijiita Mama wa Mwanangu, Pafu Likapasuka

Wasomaji wenzangu, nina miaka thelathini na minne, nauza vitenge Kariakoo. Wengi wananiambia nisamehe. Nisomeni kwanza...

Marehemu baba aliniachia fremu ya duka. Nilimpa mume wangu, Shabani, nafasi humo auze viatu. Rafiki yangu Zaina, mwenye mtoto wa kiume wa rika moja na mwanangu Nuru, nikampa kazi humo humo. Kumbe najipalia makaa mwenyewe!

Mama alipougua nikaenda Lindi, nikamwacha Nuru, miaka mitano, na baba yake. Nilipotoka tu, Shabani akahamia kwa Zaina, Magomeni, pamoja na mwanangu. Huko Nuru akapata nimonia. Wakampa dawa ya kikohozi ya dukani. Midomo ilipoanza kugeuka rangi ndipo wakamkimbiza hospitali. Mimi nilipigiwa simu na jirani, si wao.

Nikafika na begi langu la safari. Nesi wa chumba cha wagonjwa mahututi akanizuia kwa upole.

"Dada, mama yake yuko ndani."

Jamani, mnajua maumivu ya kuambiwa hivyo wakati tumbo lililombeba ni lako?

Nililia mpaka daktari akatoka, akanisikiliza, akaniingiza. Mashine ilikuwa ikimpumulia Nuru kwa mpira uliopita mdomoni. Shingo imevimba, mpira mwingine umechomekwa ubavuni. Zaina alikuwa kando ya kitanda. Aliponiona akainamisha uso.

"Mtoto ana kilo ngapi?" daktari akaniuliza.

"Kumi na nne. Nilimpima kabla sijasafiri."

Daktari akamgeukia Zaina. "Wewe ulituambia ishirini."

Ishirini zilikuwa za mwanawe! Aliona aibu kusema hajui, maana alishajiita mama. Daktari akanieleza kwamba mashine hupangiwa kiasi cha pumzi kulingana na mwili wa mtoto. Nuru alisukumiwa pumzi ya mtoto mkubwa, pafu likapasuka, hewa ikavuja hadi shingoni; ule mpira wa ubavuni ulikuwa wa kuitoa. Akakiri kwamba nao, pamoja na haraka ile, walipaswa kumpima wenyewe. Akachukua futi kamba, akampima urefu toka utosini hadi kisiginoni apate kukadiria ukubwa wa mapafu, akapunguza pumzi. Kifua kikaanza kupanda taratibu...

Mwanangu alipona. Ila mpaka leo akicheza kidogo tu, anahema.

Pale hospitali sikugombana na mtu. Nilingoja Nuru atoke. Jumamosi moja, watu wamefurika Kariakoo, nikabadilisha kufuli na kutoa vitu vya wale wawili nje. Wateja walipouliza, nikawasimulia yote, wenyewe wakiwa wamesimama pale pale.

Shabani akasema kwa sauti ya chini, "Mke wangu, haya tuyamalize nyumbani."

"Nyumbani kwangu," nikamuuliza, "au kwa mama yake Nuru?"

Watu wakaangua kicheko. Zaina akajifunika mtandio, akaondoka. Talaka nikaidai na nikaipata. Siku hizi Shabani anapanga viatu vya mtumba chini, soko la Mchikichini. Mimi hupita pale makusudi, nimevaa kitenge kipya.

Kina mama wenzangu, ukisafiri, jua mwanao analala kwa nani. Nawe uliyempeleka mtoto wa mwenzio hospitali, kama hujui, sema sijui! Madaktari watampima. Uongo mdogo wa mdomoni huingia mpaka kwenye mapafu ya mtoto.

Mkitaka niwasamehe wale wawili, niombeeni. Mimi mwenyewe sijaanza kuomba.