Shangazi Hakula Paje

Siku ya kwanza walitukanana. Aliyetaka kujua yatakavyoisha angeweza kuishia hapohapo akaenda zake, lakini nani ana akili hiyo? Ilikuwa Jumamosi, soko la Kasulu limejaa mpaka pa kukanyaga hakuna, na bodaboda mmoja akaona njia ya mkato ni katikati ya vibanda. Nyuma yake alipakia kijana aliyekumbatia mfuko mrefu kuliko pikipiki yenyewe. Ule mfuko ukazoa magauni matano ya Zena, fundi cherehani, kutoka kwenye kamba, ukayabwaga kwenye tope.

"Wewe! Wewe wa mfuko! Shuka hapo!"

Kijana akashuka. Kaptula ya buluu iliyopauka, fulana imelegea shingoni, ngozi imekolea jua kuliko ya mkulima. Zena alikuwa na kitenge cha njano kilichombana vizuri, ushungi mweupe na futi ya kupimia shingoni, na macho yake siku hiyo hayakuwa na mgeni wala mwenyeji.

"Samahani, dada."

"Samahani inafua nguo? Na hilo dude ni nini, mlingoti wa bendera? Umekuwa ofisi ya kata?"

"Ni mlingoti kweli, na ubao wake. Unasimama juu ya ubao, unashika tanga, upepo unakukimbiza baharini."

Zena akatazama kulia, akatazama kushoto. Milima. Migomba. Magunia ya maharage ya watu wa Heru Juu.

"Bahari ipi, baba?"

Soko zima likaangua kicheko. Kijana akainama, akaokota magauni yote matano, akayakunja chini ya kwapa na tope lake, akaondoka nayo bila kuaga. Zena akapiga kelele za mwizi. Jumanne kijana akarudi, magauni yamefuliwa na kupigwa pasi, moja limeungua ukosi.

"Umeniunguzia."

"Nimekufulia manne bure. Husemi?"

Yewe! Jeuri hiyo. Zena akamwagizia chai ili apate muda wa kumtukana vizuri, na chai ikageuka chakula cha mchana.

Aliitwa Dadi, mtoto wa muuza duka wa Kibondo. Akiwa na miaka kumi na tisa alipelekwa Unguja kwa baba yake mdogo akauze vipuri. Akauza wiki sita, akaona watu wanapita juu ya maji wameshika matanga, akaliacha duka la watu na funguo mezani. Miaka tisa sasa anafundisha wageni mchezo huo. Amerudi kwa sababu baba yake amefariki, na ubao amekuja nao kutoka huko kote kwa kuwa hamwamini mtu wa kumwachia. Hapo Zena angeshtuka. Mtu anayesafiri siku mbili na ubao aende nao msibani, huyo amekwisha kuoa.

Lakini simu za Kibondo zilikuwa tamu.

"Fundi wangu, umekula?"

"Nimekula. Wewe umeshazama?"

"Kibondo nitazama wapi, bebi? Kwenye ndoo?"

"Hata kwenye ndoo, nikisikia nitacheka kwanza ndipo nilie."

Basi wakacheka hivyo miezi mitatu, wakipigiana asubuhi kabla kibanda hakijafunguliwa na jioni baada ya kufungwa. Mshenga akaja, maneno yakaenda vizuri, mahari ikakubaliwa. Likabaki moja tu.

Kwa kina Zena binti haolewi mpaka shangazi akaione nyumba atakayokaa. Haioni kwa macho tu. Anakaribishwa, anapikiwa, na akila humo ndani, imekwisha, ukoo umekubali. Asipokula, hata kama nyumba ni ya ghorofa, watu wanarudisha mkeka wao nyumbani. Na shangazi hali katika nyumba mbili. Akishakula kwenye moja, ndiyo hiyo.

"Kwa hiyo nitafute nyumba," Dadi akasema. "Nitafute pwani nzuri, tuishi tuzeeke huko."

Akarudi Unguja, na kutoka huko akamtumia Zena ujumbe wa sauti wa dakika saba. Alizichambua pwani kama mama anavyochambua mchele. Kigamboni upepo unayumbayumba na mji uko karibu mno. Pangani maji machafu mto ukifurika. Mikindani kuzuri, lakini wanafunzi hawafiki. Paje ndiyo yenyewe! Kusi inapiga kuanzia Juni mpaka Septemba, kaskazi inashika Desemba mpaka Machi, chini mchanga mtupu, mwamba umekinga mawimbi mbali huko, mwanafunzi akianguka anasimama, maji kiunoni. Kuna nyumba hatua hamsini kutoka ufukweni, ubao hubebi hata dakika moja.

Zena aliusikiliza ameegemea ukuta wa kibanda, sindano mdomoni. Akausikiliza tena. Alikuwa anatafuta jina lake. Dakika saba, upepo umetajwa mpaka ukachoka, mchanga umetajwa, wanafunzi wametajwa, ubao una hatua zake za kubebwa. Yeye hayumo. Cherehani zake mbili hazimo, wala wasichana wawili anaowafundisha, wala wateja wanaomfuata kutoka Makere na Heru Juu kwa sababu mkono wake haukosei kiuno. Aliumia. Akaumia kweli, akajiona mjinga kuumizwa na upepo.

Angempigia akamwambia. Mtu yeyote mwenye ulimi angempigia. Na Zena ulimi alikuwa nao, soko zima shahidi, ila kwa lile moja ulimkauka. Aliogopa akisema, Dadi atachagua, na alijua atachagua nini.

Badala yake akamsindikiza shangazi Swaumu stendi, safari ya kwenda kuiona nyumba. Shangazi alikuwa dada mkubwa wa marehemu baba yake Zena, mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu, aliyeuza chumvi na mawese Kasulu miaka thelathini na hajawahi kumwomba mtu radhi.

"Shangazi," Zena akasema, akimfunga kamba ya mzigo, "ukifika ukiona pana upepo, usile."

"Unanifundisha?" Shangazi akasonya. "Nani anaweka nyumba penye upepo? Mtu mwenye akili anajenga bondeni, nyuma ya migomba. Penye upepo wanajenga wachawi."

"Na ukipata pengine, pametulia, kula."

Shangazi akamtazama kidogo, kisha akapanda basi.

Siku ya nne simu ikaita saa sita mchana. Dadi.

"Zena! Shangazi yako ana nini?"

"Amefanyaje?"

"Nimempikia pilau. Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu! Changu wa kukaanga, kachumbari, nimeazima hadi sahani za jirani. Ameingia, upepo ukamvua ushungi, akaukimbiza mpaka uani. Amerudi amekaa kizingitini. Hataki kula. Hataki hata maji, Zena! Njaa inamuuma, namwona anameza mate, hataki!"

"Labda hali changu."

"Ananiambia mchanga utaingia kwenye ugali wa wajukuu zake. Wajukuu gani? Bado hata hatujaoana!"

Zena akacheka kidogo, kicheko kibaya, akakikata.

Jioni akapiga shangazi mwenyewe, amepandisha sauti kana kwamba anaita mtu ng'ambo ya bonde. "Mwanangu, nimekula! Yule wa kwetu aliyeolewa huku amenipeleka upande wa pili wa kisiwa, kwenye mikoko. Kimya! Hata majivu ya jikoni hayapeperuki! Nyumba inapangishwa, ina bati jipya na kisima. Nimekula ugali na dagaa, nimeongeza. Imekwisha!"

"Asante, shangazi," Zena akasema.

Saa moja baadaye Dadi tena, na safari hii hakumwita fundi wangu.

"Ameniambia alitumwa. Ameniambia nikuulize mwenyewe. Nakuuliza."

"Dadi..."

"Ulimtuma au hukumtuma?"

"Nilimtuma."

"Kwenye mikoko, Zena? Pale tanga linalala kama nguo kwenye kamba! Nikamfundishe nani pale? Kaa? Umekaa umenichagulia mahali nife njaa, halafu jioni unaniuliza umekula?"

"Na wewe ulinichagulia nini? Uliniuliza?"

"Nilikutumia dakika saba!"

"Dakika saba za upepo! Kauoe huo!"

Akamkatia. Dadi akapiga, Zena akazima. Kesho yake Zena akapiga, Dadi hakupokea. Wiki nzima ikapita hivyo, kila mmoja anamsubiri mwenzake aanze, na kila mmoja kichwa kigumu. Shangazi alikwisha kurudi na akawa anasimulia soko zima alivyokula dagaa.

Alhamisi, jua la utosini, Dadi akatokea kibandani. Hana mfuko safari hii, mikono mitupu, suruali ndefu imechafuka vumbi la njia nzima. Wale wasichana wawili wakatazamana, wakakumbuka wana shughuli pengine. Shangazi Swaumu akabaki palepale kwenye kigoda.

"Mwakeye, shangazi," Dadi akamwamkia kwa Kiha, akainama kwa heshima zote.

"Ego. Umekonda."

"Shangazi," Zena akasema, "naomba ukaniangalizie vifungo kwa yule Mpemba wa dukani."

"Vifungo unavyo kopo zima."

"Shangazi!"

Akaondoka, polepole, akigeuka kila hatua ya tatu.

Dadi hakukaa. "Ungeniambia," akasema. "Ungesema Dadi, upepo siutaki. Ningehama. Wallahi ningehamia hata huko mikokoni."

"Muongo."

"Mimi muongo?"

"Ungehama. Mwezi mmoja. Halafu ungekuwa unakaa mlangoni unanitazama kana kwamba nimekuvunja miguu, na mimi ningekuwa nakupikia mtu mwenye hasira mpaka nife. Wewe hukuacha ubao wakati unakuja kumzika baba yako, uuache kwa ajili yangu?"

Lilikuwa neno baya. Zena aliliona linavyoingia, akatamani kulirudisha, na halirudi.

"Hilo nalo ulikuwa umeliweka moyoni?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Na bado ukakubali nikuoe."

"Nilikuwa nakupenda, mjinga wewe. Nakupenda mpaka sasa, unafikiri ninapiga kelele kwa nani?"

Jirani anayeuza ndala akapunguza redio asikie vizuri. Dadi akakaa sasa, kwenye kigoda cha shangazi, magoti yakamfika kidevuni, na akauliza kitu ambacho katika simu zile zote na dakika saba zile hakuwahi kukiuliza. Aliuliza bila hasira.

"Zena. Wewe unataka kukaa wapi?"

Akafungua mdomo amjibu kwa kejeli. Kejeli haikuja. Paje haikuja, mikoko haikuja, pwani zote zile alizochambuliwa hakuna hata moja iliyokuja.

"Hapa," akasema.

"Hapa Kasulu?"

"Hapa. Kwenye kibanda hiki. Sikuwahi kutaka kwenda popote, Dadi. Nilikutaka wewe, nikafikiri hayo mengine yatanijia."

"Yakaja?"

"Hayakuja."

Machozi yakamtoka mbele ya soko zima, naye hakujali. Dadi naye akayafuta yake haraka kwa ngumi, akidhani haonekani. Angeweza kusema atabaki. Zena alimwona akilitafuta hilo neno, amelifikisha mpaka kwenye meno, na akamwahi.

"Usiseme."

"Nilikuwa sijasema."

"Usiseme kabisa. Utalisema kwa kunihurumia, na mimi nitalikubali. Halafu tutachukiana."

Dadi akaitika kwa kichwa. Akaunyoosha mkono, akaushika wa Zena uliojaa alama za sindano, akaushika kwa nguvu mpaka ukauma, akauachia. "Mwambie mama yako mshenga wetu atakuja kuyamaliza kwa heshima," akasema. Akanyanyuka, akapita katikati ya vibanda, akielekea stendi, na hakugeuka. Kama angegeuka Zena angemkimbilia, na wote wawili walilijua hilo.

Shangazi Swaumu akarudi na vifungo ambavyo hakuna aliyevihitaji. Akakitazama kigoda kitupu, akamtazama Zena anavyojaribu kupitisha uzi kwenye tundu la sindano asilione.

"Haya, mmeelewana? Mmechagua pwani gani?"

"Kila mtu kwao, shangazi."