Pini ya Kiungo cha Kwanza

Tramu ilikuwa na mita thelathini na mbili, mabehewa matano, viungo vinne, na dakika nne za kuishi.

Jasusi Sindano aling'ang'ania bomba la behewa la tatu. Simu sikioni. Bastola aina ya Beretta kapuni, chini ya vitunguu.

"Mzee, sema!"

"Pini halisi ya kushikilia kiungo tumeiokota jalalani, mwanangu," alisema fundi mkuu wa karakana. "Chuma kitupu, unene milimita themanini, kilo kumi na sita. Juzi wageni waliojifanya mafundi walituwekea bomba tupu lililopakwa rangi!"

"Kiungo kipi?"

"Cha kwanza, nyuma ya dereva. Kwenye kona ya daraja kitakatika, behewa la mbele liende mtoni."

Dereva alikuwa mdogo wake Sindano. Ziwa moja wamenyonya.

"Mwambie asimame!"

"Redio imekufa. Breki hazishiki. Kuna mtu humo ana rimoti."

Mwenye rimoti hawezi kukaa karibu na kiungo hicho. Sindano alikimbia kuelekea nyuma, akivuka viungo vyenye mpira wa mikunjo kama sketi ya shule.

Behewa la mwisho.

Abiria wote waliyumba. Mmoja tu alikuwa ameikaza miguu, kama anayesubiri kishindo. Kiganjani, rimoti nyeusi.

Bastola ikamgusa mbavu.

"Piga, dada," alicheka. "Namba ya kurudisha breki naijua mimi tu. Nikifa, naondoka nayo."

Dakika moja.

Sindano akairudisha bastola kapuni. Akaketi kando yake.

"Leo Ijumaa," alisema.

"Halafu?"

"Kila Ijumaa asubuhi karakana huigeuza tramu hii, nyuma iwe mbele, magurudumu yalike sawasawa. Nyinyi mlifunga pini juzi. Kiungo chenu cha kwanza ndicho hicho hapo mbele ya magoti yako."

"Uongo!"

"Basi tukae. Mimi chai nimeshakunywa."

Kona ikatokea. Mto ukang'aa. Kiungo kikalia: kriii!

Mtu yule akabonyeza namba. Akakosea. Akabonyeza tena.

Breki zikauma.

Vitunguu vikatawanyika. Tramu ilisimama hatua tatu kabla ya kona.

Polisi walipompitisha mbele, aliwaona mafundi wamelala chini ya kiungo cha kwanza, nyuma ya dereva, wakichomoa bomba.

"Ulisema imegeuzwa!"

"Huwa inageuzwa," alisema Sindano. "Ila leo mwenye zamu anauguza mkewe."

Akaokota vitunguu vyake, kimoja kimoja.

"Dada!" mdogo wake aliita dirishani, sauti ikikwaruza. "Nini kimetokea?"

"Pini tu. Jioni bandika sufuria, naja na vitunguu."

Akaenda zake kwa miguu.