Shamba la Marehemu Matalla

Baba yangu, Matalla, alifariki Jumatatu alasiri, baada ya kunywa glasi ya pili ya chai. Mama alimmiminia ya tatu, akamwita, hakuitika. Tulimzika kabla ya magharibi.

Matanga yalikuwa hayajaisha alipokuja Sidi. Babu yake Sidi alimmiliki babu yangu. Sidi alikaa mkekani nje ya hema, akatupa pole kwa upole. Mama alikuwa ndani, kwa sababu ya eda.

"Mbarka," Sidi aliita kupitia pazia, "Mungu amrehemu. Alikuwa mtu wetu mwema. Maji ya bwawa yakipungua, nitaleta watu wangu walilime lile shamba lake."

"Sawa, bwana wetu," mama akajibu.

Nilishtuka. Shamba lile, lililo ndani ya bwawa na linalolimwa maji yakishapungua, baba alilifyeka mwenyewe. Ndilo lililotulisha mtama na kunde, na ndilo lililonisomesha hadi sekondari.

Sidi alipoondoka nikauliza, "Mama, mbona umempa?"

"Mali ya mtumwa hurithiwa na bwana wake, Selekha. Ndivyo ilivyokuwa kwa babu yako. Nikikataa, baba yako atazuiwa mlangoni mwa pepo."

Jirani yetu Zeinabou, anayewafundisha wanawake wa kijiji kusoma, alikuwa akikoroga maziwa mgando kwa maji na sukari.

"Dada Mbarka," akasema, "kwani huko peponi Sidi ndiye bawabu?"

"Usimfanyie mzaha marehemu wangu!"

"Simfanyii yeye. Namfanyia Sidi." Akampa mama bakuli. "Kunywa kwanza. Umewahi kusikia kwamba utumwa umekomeshwa?"

"Redioni. Hayo ni maneno ya watu wa mjini."

"Basi yasikilize vizuri. Wafaransa husema *abolition*. Neno hilo walilirithi kwa Warumi wa kale, na kwao lilikuwa na maana ya kukifutilia mbali kitu. Wataalamu wengine husema asili yake ni kukizuia kitu kisikue tena. Ni kama gugu. Ukikata majani ukaacha mzizi, umefanya nini?"

"Na huo mzizi uko wapi?"

"Umeukalia, dada: ni ardhi. Hapa Mauritania utumwa ulifutwa mwaka 1981. Tangu 2007, kumfanya mtu mtumwa ni jinai. Haikusemwa kwamba watu wawe huru, mashamba yao yabaki kwa mabwana. Matalla alikufa mtu huru. Mali ya mtu huru huenda kwa mkewe na watoto wake."

Mama alishika bakuli bila kunywa. "Na pepo?"

"Hilo aulizwe kadhi, siyo Sidi."

Kesho yake nilikwenda kwa kadhi na Zeinabou. Kadhi alituuliza marehemu ameacha nani. Nikasema mke, mimi, na kaka yangu Yarba.

"Thumni, sehemu moja ya nane, ni ya mke," akasema. "Kinachobaki, kijana apate sehemu mbili na binti moja. Mwingine hayumo. Na umwambie mama yako hivi: mume hazuiwi pepo kwa sababu mkewe amechukua haki aliyopewa na Mungu."

Mama alinitaka niyarudie maneno hayo. Nikayarudia. Ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Maji yalipopungua, Sidi alikuja na watu wake na majembe. Mama alizungumza kutoka nyuma ya pazia.

"Sidi, shamba lina wenyewe. Kadhi ameshaligawa. Ukiwa na neno, nenda kwake, au twende sote kwa askari."

"Leo unaniita Sidi?"

"Si ndilo jina alilokupa baba yako?"

Zeinabou alishindwa kujizuia, akacheka. Mmoja wa wale wenye majembe akacheka pia. Sidi akajifunga kilemba upya, akaondoka. Hakwenda kwa kadhi.

Yarba ndiye aliyepanda, maana mama alikuwa bado ndani. Sasa eda imekwisha. Sehemu ya mama iko chini, karibu na ukuta wa bwawa. Kunde zake zimetoa maua.