Kompyuta ya Redio Yapata Mfumo Mpya

Kila asubuhi Pulchérie alifagia chumba cha redio ya mtaa pale Baraka, mji wa mashariki mwa Kongo, akawasha jenereta, kisha kompyuta. Ilikuwa mwaka 2003, na vita vilikuwa vimetawanya familia nyingi. Waliokimbilia Kigoma, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, walirekodi salamu zao kwenye kaseti zilizoletwa kwa boti. Sauti hizo zilihifadhiwa kwenye kompyuta, kaseti zikarudishwa kutumika tena, na Jumapili salamu zikatangazwa.

Alhamisi moja jenereta ilizimika ghafla, kompyuta ikiwa kazini. Pulchérie alipoiwasha tena kompyuta, ilionyesha maneno machache meupe tu kwenye kioo cheusi. Haikuendelea. Salamu mpya zilikuwa ndani, bado hazijasikilizwa.

"Tufute yote, tuanze upya," alisema Isidore, mume wake, fundi wa redio.

"Na sauti za batu?" Pulchérie aliuliza. "Kila Jumapili mama anangojea sauti ya Placide."

Placide alikuwa kaka yake. Tangu akimbie, hawakujua kama yuko hai.

Isidore alikubali kusubiri. Walimwita jirani yao Munira, aliyesomea kompyuta Bujumbura.

"Mashine iko muzima," Munira alisema. "Kilichoharibika ni mfumo endeshi, ile banaita système. Ndiyo inaamusha mashine, inapokea maneno tunayoandika, inajua kila kitu kimewekwa wapi. Bila ile, programu ya kufungua sauti haiwezi kufanya kazi."

"Système iko moja tu?" Isidore aliuliza.

"Hapana, ziko mingi. Windows ndiyo batu wengi banatumia, lakini iko ya kununua. Mac OS iko ya mashine za Apple. Linux iko ya bure, unaweza kuinakili na kumupa mwenzako. Hata simu iko na mfumo wake."

Alitoa CD ya Linux. "Hii inaendesha mashine bila kufuta kitu. Tutoe sauti kwanza, kisha tuweke mfumo mpya."

Kompyuta ikawaka. Sauti zote zilikuwemo. Walizinakili kwenye diski nyingine, ndipo wakaweka Linux. Tangu siku ile Pulchérie hakuacha sauti hata moja bila nakala.

Jumapili, salamu zile zilipotangazwa, mama yake, Dorothée, alikuwa uani akitwanga sombe, majani ya muhogo, redio ikiwa pembeni.

"Mi Placide, mutoto wa Dorothée wa Baraka," redio ilisema. "Mama, niko muzima. Nimeoa. Tutarudi."

Mchi ulimponyoka. Dorothée akapiga kigelegele, na akina mama wa mtaa mzima wakamwitikia, hata Pulchérie akawasikia kutoka chumba cha redio.