Mgeni wa Kiti cha Mbele

Wenye magari ya siku hizi mnaijua ile kengele. Mtu akikaa kiti cha mbele bila kufunga mkanda, taa nyekundu inawaka na gari linaanza kulia, ti, ti, ti, halinyamazi mpaka atii. Hata ukiweka mfuko wa viazi pale kitini litalia, maana lenyewe linachojua ni uzito tu. Siku hiyo Mfaume alikuwa anaondoka kwenye magofu na wageni wake wawili, wote wamekaa nyuma, na kiti cha kushoto kwake hakikuwa na mtu wala mfuko. Kengele ikaanza kulia.

"Dereva, nini hicho?" Mwalimu Kokuberwa aliuliza kutoka nyuma.

"Kengele ya mkanda tu, mwalimu. Magari haya yakizeeka yanadeka."

Akafanya wanavyofanya madereva wote wa Dar. Alinyoosha mkono, akavuta mkanda wa kile kiti kitupu, akauchomeka. Kengele ikanyamaza. Sasa, mkanda wa kiti kitupu hulala bapa kwenye egemeo, na huu haukulala. Ulikaa umebenuka kidogo, kama umepita juu ya kifua cha mtu mdogo. Mfaume aliuona, akarudisha macho barabarani.

Lakini nimeanzia katikati. Mfaume ni mtu wa Chang'ombe, asili yake Masasi, ana Noah moja anayoikodisha na anaiendesha mwenyewe, kwa sababu haamini mkono wa mtu mwingine. Mwalimu Kokuberwa anakaa Mbweni, naye alikuwa amepata mgeni, mzee wa Kitaliano anayeitwa Renzo, baba mkwe wa mdogo wake. Kwao mzee huyo ni mji wa kale wenye ukuta kuuzunguka, na wageni wakifika hukodi magari wakashinda vilimani kutazama makanisa na minara iliyobomoka. Basi na huku alitaka hivyo hivyo, akodiwe gari azungushwe Bagamoyo na vitongoji vyake. Mji mkongwe waliumaliza mapema, milango wakaipiga picha, kisha mzee akasema sasa anataka kuona yale yasiyouziwa tiketi. Mfaume akawapeleka kwenye magofu mengine, ndani kabisa porini, yasiyo na kibao wala mlinzi. Kulikuwa na msikiti usio na paa, kisima, na makaburi ya mawe ya matumbawe yaliyoliwa na chumvi.

Wageni wakaingia na kamera zao. Mfaume akabaki kivulini, pembeni ya kaburi moja dogo, la mtoto, akafungua bakuli lake la wali na samaki. Hapo ndipo alipokosea, ingawa mie sijui hata kama niliite kosa, maana ni adabu tuliyolelewa nayo wote. Alisikia miguu midogo inakuja nyuma yake, ikasimama. Sie tukiwa tunakula na mtu akatokea, hatuulizi ni nani. Mfaume hakuinua hata kichwa.

"Karibu," alisema na tonge mdomoni. "Karibu tule."

Alipogeuka hapakuwa na mtu, ila upande wa pili wa bakuli wali ulikuwa umechotwa, na alama za vidole zimebaki, vidole vidogo.

Mtu mwingine angetimua mbio. Lakini Mfaume alikuwa amefiwa. Mwaka uliopita yeye na mkewe Yasmini walimzika Nasra, binti yao wa pekee. Alikuwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu. Alikata roho ndani ya gari hilo hilo, kwenye foleni, wakimkimbiza hospitali, kichwa chake kikiwa mapajani pa mama yake. Tangu siku ile Yasmini hakukanyaga tena garini. Na kiti cha mbele kilikuwaga cha Nasra, baba yake akimfunga mkanda kila asubuhi ya shule na yeye akilalamika kwamba unambana. Kwa hiyo Mfaume alipoliangalia lile kaburi dogo, peke yake porini, hakuna hata anayelifagilia, moyo ukamlainika. Alinawa mikono, akasimama, akasema vile unavyomwambia mtoto wa jirani uliyemkuta amekaa peke yake.

"Haya mama, mie naenda. Karibu nyumbani."

Walipofika Mbweni, Mzee Renzo alishuka, akazunguka gari, akainama kwenye dirisha la mbele upande wa kushoto na kupunga mkono. "Kwaheri, mtoto," akasema kwa Kiswahili chake cha kujifunza.

Mwalimu alimshika mkono akacheka. "Jua limempiga huyu. Utatusamehe, dereva."

Mfaume hakucheka. Njia nzima mpaka Chang'ombe hakugeuza shingo kushoto.

Yasmini alimpokea mlangoni, akasita. "Umebeba nini garini? Nasikia harufu ya udi."

"Labda ya wageni."

"Udi na tope," alisema Yasmini. "Kama mtu katoka kisimani."

Jioni hiyo, adhana ya magharibi ikiwa imemalizika, walikaa mkekani hawaongei, kama walivyozoea kutoongea tangu msiba. Ndala za Nasra zilikuwa bado chini ya kitanda chake, hakuna aliyekuwa na moyo wa kuzigawa. Wakasikia kwenye ukumbi, pa, pa, pa, mtu anatembea na ndala zilizomzidi.

"Umesikia?" Yasmini alinong'ona.

"Panya."

"Panya havai ndala, Mfaume."

Pa, pa, pa, zikaja mpaka mlangoni, zikakoma. Harufu ya udi ikajaa chumba kizima. Mfaume alitaka kusoma dua, lakini alipomtazama mkewe aliona kitu kilichomtisha kuliko zile ndala. Yasmini alikuwa anatabasamu.

Sie majirani tulifurahi mwanzoni, ni lazima niseme ukweli. Tulimwona Yasmini dukani ananunua mafuta ya nywele, tukasikia anaimba uani, tukaambiana Mungu mkubwa, mwenzetu ameanza kupata nafuu. Hatukujua kwamba ndani anapakua sahani tatu. Hatukujua ndoo ya maji inajazwa asubuhi na inakauka kabla ya adhuhuri bila mtu kuoga. Mara moja Mfaume aliingia ghafla akamkuta amepiga magoti, anafuta sakafu ya sebule kwa kanga aliyojifunga, haraka haraka.

"Kimemwagika nini?"

"Maji tu."

Kisha akaanza kukonda. Kanga iliyokuwa inamzunguka mara moja ikawa inamzunguka mara mbili. Ukimshika mkono ulikuwa wa baridi, baridi ya mtu aliyetoka kuosha samaki wa barafu. Mfaume akimwambia ale, anasema ameshakula, na Mfaume anaona kabisa chakula chake kiko kwenye ile sahani ya tatu, kimechotwa kwa vidole vidogo.

Alfajiri moja Mfaume alirudi kutoka msikitini akasukuma mlango taratibu asimwamshe, akamkuta Yasmini ameshaamka, amekaa mkekani ukumbini, miguu ameinyoosha, chanuo mkononi, na kanga juu ya mapaja yake ilikuwa imebonyea pale ambapo kichwa cha mtoto kingelala, na chanuo lilikuwa linashuka hewani, linakwama mahali kama limekuta fundo, linalegezwa kwa vidole, linashuka tena, na Yasmini anaongea chini kwa chini, tulia mama, tulia, nakaribia kumaliza, na kila chanuo liliposhuka ni nywele za Yasmini mwenyewe zilizokuwa zinadondoka, moja moja, zinalala begani kwake na mkekani, na yeye hajui, au anajua na hajali. Mfaume alirudi nyuma mpaka akagusa ukuta wa nje. Alikaa pale akalia.

Siku hiyo hiyo alikwenda Temeke kwa Maalim Fakihi, mwenye duka la misahafu na ubani, mtu mkali, asiyependa kuitwa mganga.

"Shikamoo, maalim."

"Marahaba. Harufu hiyo umetoka nayo wapi?"

Mfaume akamweleza yote. Maalim alisikiliza huku anafunga ubani kwenye vikaratasi, na ilipofika habari ya bakuli la wali, mikono yake ikasimama.

"Mnakaribisha karibisha tu," alisema. "Hamwangalii mnamkaribisha nani."

"Maalim, ni mwanangu?"

"Hapana." Alilisema polepole, bila ukali. "Aliyekufa harudi kula wali. Huyo ni jini, na ni mtoto, na ana upweke wake. Hata ubaya wa makusudi hana. Anakula anachopewa, na mkeo anampa uhai."

"Basi mfukuze."

"Nimfukuze kwa dua gani, mgeni uliyemwita kwa kinywa chako? Mgeni anasindikizwa. Mrudishe pale pale ulipomtoa. Na aliyemlea ndiye amuage, kwa mdomo wake. Amuage tu, basi. Asiseme tutaonana. Asiseme karibu tena. Likimtoka neno hilo, mie msinitafute."

"Mke wangu akikataa kwenda?"

"Utamzika," alisema Maalim.

Mfaume alimwambia mkewe bila kumficha kitu, na alitegemea vita. Yasmini hakupigana. Aliingia chumbani, akatoka na zile ndala mkononi, akaenda moja kwa moja kwenye gari ambalo hakulikanyaga tangu msiba, akapanda kiti cha nyuma. Mfaume alipowasha, kengele ililia. Mkono mwembamba wa Yasmini ukatoka nyuma, ukavuta mkanda wa kiti cha mbele, ukaufunga.

Walipita Mwenge, wakapita Tegeta. Ilikuwa mchana kweupe, watu wanauza maembe barabarani, na ndani ya gari baridi ilikuwa inapanda kutoka kushoto ingawa vioo viko wazi.

"Nilijua siku ya kwanza," Yasmini alisema.

"Ulijua nini?"

"Nyayo zake, pale sebuleni. Za maji. Zote zilikuwa za mguu wa kulia. Nikazifuta kwa kanga usizione." Alikuwa anaongea chini sana, kwa hofu ya kusikika na aliyekaa mbele. "Nasra alikuwa na miguu miwili, Mfaume. Nimeikanda mie hiyo, ilipokuwa inamuuma."

"Sasa kwa nini, mke wangu?"

"Wewe unatoka na gari lako, unapata watu, mnaongea. Mie nabaki na kile kimya. Nilikuwa nakisikia hata kwenye sufuria."

Ilimuuma Mfaume kwamba kweli, kila asubuhi, alikuwa anakimbia.

Kule magofuni alifungua mlango wa kushoto na kufungua mkanda. Kiti kilichobonyea kikainuka. Alichoma ubani kama alivyoelekezwa, akasoma alichoweza kusoma, kisha akageuka kuangalia njia, maana Maalim alikuwa amesema anayesindikiza asitazame. Nyuma yake alimsikia Yasmini akipiga magoti penye kaburi dogo na kuzipanga ndala juu ya jiwe. Alisikia baadhi ya maneno. Ukae salama. Usiogope giza, mama. Hukunikosea kitu. Halafu sauti ikashuka, hakusikia tena, akasikia kilio tu, kile alichokizuia siku ya mazishi mbele ya watu.

Yasmini alirudi garini uso umevimba. Mfaume akamshika mkono, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi mkono ulikuwa na joto. Harufu ya udi haikuwepo. Aliendesha akiwa mwepesi, akawaza watakula nini jioni, akawaza amchukue awe anatoka naye safari za Bagamoyo, akae mbele, aone watu. Kwenye kioo alimwona amesinzia, mdomo umefunguka kidogo kama alivyokuwa akisinzia zamani.

Walipofika Bunju kengele ikalia. Ti, ti, ti.

Taa nyekundu ilikuwa inawaka. Mfaume alisogea pembeni ya barabara akasimamisha gari, mikono yote miwili kwenye usukani, na kengele inaendelea kulia. Kwenye kioo Yasmini alikuwa macho.

"Ulimwambia nini?"

"Mtoto anatoka mikononi mwako, utamwambiaje nenda usirudi? Nilijaribu, Mfaume. Wallahi nilijaribu. Mdomo wangu haujui kusema hivyo."

"Ulimwambia nini, Yasmini?"

"Karibu tena."

Angeweza kugeuza gari. Alishaweka hata mkono kwenye gia. Ndipo vidole vidogo, vya baridi, vikamshika kifundo cha mkono pale pale juu ya gia, vile alivyokuwaga akishikwa na Nasra kila asubuhi ya shule, na akajua si vyake, akajua ni nani na anakula nini, akamtazama mkewe kwenye kioo, nywele zilivyopungua, na bado hakuutoa mkono. Kisha akavuta mkanda, polepole usimbane mtu, akaufunga.

Yasmini tulimzika kabla mvua za masika hazijaisha. Maalim Fakihi alikuja, akasimama mbali, akaondoka bila kula.

Mfaume bado anakodisha ile Noah. Ukimkodi utakaa nyuma, hata mkiwa wengi mkabanana, kwa sababu kiti cha mbele mkanda umeshafungwa. Mchana utamkuta ameegesha kivulini anakula kutoka kwenye bakuli lake, ameliweka katikati ya viti viwili. Utamsalimia, ataitika vizuri. Lakini hatakwambia karibu, na sie tunaomjua hatuoni kwamba hana adabu.