Mkanda wa Cherehani ya Firq

Kaltham, binti wa jirani zetu, alikwenda Firq, nje kidogo ya mji wa Nizwa, Oman, Jumatatu asubuhi kupiga picha cherehani. Kesho yake alikuwa na mdahalo chuoni Nizwa, na hoja alikwishainoa: viwanda ndivyo vilivyowafunza Wamarekani kuacha kuogopa vizuka. Mtu aliyekuwa akiamka na jua sasa akaamshwa na king'ora. Aliyekuwa akimcha pepo wa shambani akamcha msimamizi na saa yake.

Ami yake, Ghanim, hushona viti vya magari. Karakanani kwake ipo cherehani kuukuu ya miguu, iliyotoka kiwanda cha mashati Marekani. Jua likifika utosini, Ami huivua mkanda wa gurudumu, akaifunika kanga, akenda msikitini. Ndivyo alivyoamrisha mama yake, Bi Asya, kama walivyofanya kwao Unguja: saa ile si ya binadamu.

"Ami, na shahada yako ya uhandisi?"

"Shahada nimeitundika ukutani. Mama naishi naye."

"Wamarekani waliishonea mchana kutwa. Nani aliona jini?"

Ami akashusha sauti. "Watoto waliofanyishwa kazi kiwandani uliwauliza?"

Jua lilikuwa limefika utosini; akauvua mkanda, akaifunika cherehani, akaondoka. Kaltham alibaki akifoka peke yake: ujinga huu mpaka lini? Alitaka video ya cherehani ikienda, si picha ya kanga. Akaifunua. Akaurudisha mkanda. Akaweka kipande cha kitambaa cha kiti, akakanyaga.

Ilikwenda vizuri. Akatosheka, akataka kusimama.

Miguu ikakataa.

Akainama kutazama. Juu ya viatu vyake zilikaa nyayo mbili ndogo, peku, nyeupe kama chokaa. Zilikuwa zikimkanyagisha. Juu ya vifundo hapakuwa na kitu.

Cherehani ikaongeza mwendo. Ncha ya mkono wa abaya yake ikaingia chini ya sindano. Akavuta. Ikavutwa zaidi. Mshono ukapanda kuelekea kwenye kifundo cha mkono.

Sikioni kwake mtoto akanong'ona kwa Kiingereza, "Usisimame. Anatutazama."

Nyuma yake, saa ya mfukoni ilikuwa ikigonga. Karibu. Karibu zaidi. Hakuthubutu kugeuka.

Sindano ikaingia kwenye ngozi. Mara moja. Mara mbili.

Ami Ghanim alikuwa amerudi kuchukua kofia yake. Alinyakua mkasi, akaukata mkanda.

Sindano ikasimama. Pedali ikaendelea kukanyagwa. Mara tatu. Kisha kimya.

Kitambaa, abaya na kifundo cha mkono vilikuwa vimeshonwa pamoja, na Ami ndiye aliyefumua, uzi kwa uzi, huku anasoma Ayatul Kursi. Akampeleka kwa gari nyumbani anakoishi na Bi Asya. Bi Asya alimfunga kidonda naye hakumlaumu.

Kwenye mdahalo hakwenda.

Asubuhi ile Ami alifungua mlango wa nyuma wa gari ili apakie vitambaa. Kwenye zulia, nyuma ya kiti alichokalia Kaltham, palikuwa na alama mbili za nyayo ndogo, za mafuta ya cherehani, mabichi bado. Vidole vilielekea mbele.

Akatazama na sakafu ya barazani. Zilikuwapo na nyingine, kutoka garini mpaka mlangoni. Za kurudi hakuziona.