Jozi Themanini za Hoteli Isiyokuwepo

Severin Kogler alikuwa na miaka kumi na minne, na kwa maneno yake mwenyewe, hajazaliwa mtu wa kumshinda kuuza. "Nipe simu na dakika tano," alipenda kusema, "nitawauzia slipa hata samaki." Jumatatu hiyo alisema hivyo tena akiwa kwenye benchi la chumba cha viatu, anavua mabuti yenye theluji na kuvaa slipa zake za kutembelea ndani ya shule kama wenzake wote.

"Samaki hawana miguu," alisema Ludmila Zechner, aliyekuwa akikung'uta mabuti yake kando.

"Ndiyo maana nasema mimi ni hatari."

Ludmila hakucheka. Yeye alikuwa mkuu wa utumishi, na mkuu wa utumishi akianza kucheka saa mbili kasoro robo asubuhi, siku nzima imeharibika.

Kila Jumatatu darasa lao liligeuka kampuni. Iliitwa Warmfuss, yaani mguu wenye joto, iliuza slipa za sufu, na ilikuwa na kila idara: mauzo, uhasibu, stoo, na utumishi unaopanga nani afanye kazi gani. Kitu kimoja tu haikuwa nacho, nacho ni slipa. Hata pesa zake hazikuwa pesa. Ilikuwa kampuni ya mazoezi, ya kuwafundisha wanafunzi biashara, na ilifanya biashara na kampuni nyingine za mazoezi kote Austria, ambazo nazo hazikuwa na kitu. Wateja walipiga simu za kweli, wakaagiza bidhaa zisizokuwepo, wakapelekewa karatasi za kweli. Katika biashara hiyo karatasi ndiyo mzigo wenyewe. Hati ikisema umepelekewa farasi, basi farasi amefika, mtafutie nyasi.

Severin alikuwa mkuu wa mauzo. Cheo hicho alikipenda sana, maana baada ya wiki mbili kulikuwa na maonyesho ya kampuni za mazoezi mjini Graz, na anayesimama mbele ya kibanda ni mkuu wa mauzo. Bibi yake, Aloisia, alikuwa fundi wa slipa za sufu, zile za kweli za kuvaliwa. Alikuwa ameshatengeneza jozi moja ya kuwekwa kibandani, na ameshawatangazia watu wote wa duka la mikate kwamba atapanda treni kwenda Graz kumwona mjukuu wake akiuza. Kwa hiyo Severin hakuwa na njia ya kurudi nyuma. Ilimlazimu asimame pale mbele.

Simu ya mauzo ililia. Severin aliibonyeza spika ili darasa zima lisikie anavyofanya kazi.

"Warmfuss, miguu yako ni furaha yetu. Severin anaongea."

"Habari za asubuhi. Hapa ni Hoteli Edelhof, Klagenfurt. Naitwa Notburga Petschnig." Ilikuwa sauti ya mama mtu mzima, yenye uangalifu, kama mtu anayetembea juu ya barafu. "Tuliagiza kwenu jozi themanini za slipa kwa ajili ya wageni wetu. Mzigo umefika. Lakini hati inasema zote ni namba ishirini na mbili."

Mtu wa uhasibu alishika mdomo. Namba ishirini na mbili ni mguu wa mtoto anayejifunza kutembea.

Severin alikumbuka. Jumatatu iliyopita alikuwa na haraka ya kuwahi basi, akaacha nafasi ya namba za viatu bila kujaza, na kompyuta ikajaza yenyewe namba iliyo juu kabisa ya orodha. Mtu mwingine angeomba radhi. Yeye alicheka.

"Mama, usihangaike bure. Wewe na mimi tunajua hakuna slipa hapo. Hakuna wageni, hata hoteli hakuna. Kata ishirini na mbili, andika arobaini na mbili, maisha yaendelee."

Sauti ya yule mama haikupanda hata kidogo.

"Kijana, slipa hazipo, najua. Wageni hawapo, najua. Lakini mimi nipo."

Akakata simu.

Profesa Hirzegger, mwalimu wao, alikuwa amesimama dirishani na kikombe cha chai. Alimtazama Ludmila tu, na Ludmila akainuka, akavuta kola ya sweta yake, akazungumza kwa sauti ya ofisi.

"Severin Kogler, umemdharau mteja mbele ya kampuni nzima. Kuanzia leo unahamia stoo. Graz nitasimama mimi."

"Na mimi Graz nitafanya nini?"

"Stoo haiendi Graz. Stoo inabaki na mzigo."

"Mzigo gani?"

Hapo darasa lilipasuka kwa kicheko. Ukimwacha Ludmila, mtu pekee ambaye hakucheka ni aliyeuliza. Alibeba kiti chake mpaka nyuma ya chumba, akakaa mbele ya rafu tupu, akaanza kazi ya kulinda hewa.

*

Bibi Aloisia alikuwa jikoni, mikono imezama kwenye beseni la maji ya moto na sabuni, anasugua sufu. Severin alizunguka maneno kama paka anayezunguka maziwa ya moto. Aliongelea theluji, akaongelea basi, mwishowe akalitema neno lenyewe.

"Bibi, usikate tiketi ya Graz. Nimeondolewa mauzo."

Bibi aliendelea kusugua. "Yaani umeshushwa cheo kwenye kampuni isiyokuwepo."

"Ndiyo."

"Babu yako alifukuzwa kazi mara tatu, lakini angalau viwanda vilikuwepo." Alikamua sufu, maji yakachuruzika. "Ulifanya nini?"

Severin alimweleza, huku akijitetea muda wote. Namba ni namba tu. Hakuna mtu ambaye angevaa. Yule mama amekuza mambo.

"Namba zenyewe ulikuwa umemuuliza?" bibi alidakia.

"Nani?"

"Huyo mama. Ulimuuliza wageni wake ni watu wa namna gani?"

"Bibi, wageni hawapo."

"Sawa, hawapo. Mimi hata sufu siilowanishi kabla sijajua mguu wa nani. Sogea, unanizibia taa."

Severin alisogea. Usiku aliposikia tena kichwani sauti ya yule mama ikitembea juu ya barafu, aligeukia ukutani. Kumbe hakuwa amemuuliza yule mama swali hata moja.

*

Jumatatu iliyofuata, akiwa bado na slipa moja mkononi, alimfuata Ludmila.

"Naomba simu ya mauzo."

"Stoo haina haja ya simu."

"Dakika tano."

"Zile za kuwauzia samaki?"

"Zile zile. Ila leo siuzi."

Ludmila alimtazama usoni kutafuta utani. Hakuuona, akashangaa, akampa simu. Safari hii Severin hakubonyeza spika.

"Bi Petschnig, ni Severin wa Warmfuss. Yule wa namba ishirini na mbili. Nimepiga kuomba radhi. Nilikosea hati kwa haraka zangu, halafu nikakukosea heshima."

Alisikia kiti kikivutwa upande wa pili.

"Nilikuwa nafua mashuka kwenye hoteli ya kweli," alisema Bi Petschnig. "Ikafungwa. Sasa nasomea kazi ya ofisi, nina miaka hamsini na mbili, na vidole vyangu kompyuta inaviogopa. Oda ile ilikuwa ya kwanza kuifanya peke yangu. Ikabidi nisimame mbele ya wenzangu nieleze kwa nini hoteli yetu imejaa slipa za watoto wachanga. Walicheka. Na mimi nikacheka. Nilipofika nyumbani sikucheka."

Severin alivuta karatasi na kalamu. Ndipo akauliza swali la bibi yake.

"Mama, wageni wako ni akina nani?"

"Si umesema hawapo?"

"Tuwaweke."

Kicheko kidogo kilitoka kwenye simu. Wakaanza. Chumba cha kwanza waliweka bwana na bibi harusi, bwana mguu namba arobaini na tatu, mkewe thelathini na saba. Cha pili, Mholanzi mrefu ambaye kila anapopita mlangoni anajigonga, namba arobaini na saba. Cha tatu, mama mzee mwenye vidole vilivyovimba, anayehitaji slipa pana.

"Huyo namjua," alisema Bi Petschnig. "Ndiye mimi."

Severin aliandika kila mguu kwa jina na kwa chumba, akatuma hati mpya siku hiyo hiyo, baada ya kuisoma tangu juu hadi chini. Aliporudisha simu alimkuta Ludmila yuko nyuma yake, amesikia nusu ya mazungumzo.

"Majina ya wageni ni wazo la nani?"

"Lilikuja lenyewe."

"Hilo ndilo tutauza Graz," alisema Ludmila polepole. "Kila kampuni itauza vitu kwa namba. Sisi tuuze kwa mtu. Tumpime mguu, tumwandike jina." Kisha akakumbuka cheo chake. "Unakuja. Ila utabeba maboksi."

Severin alibeba maboksi kama anabeba taji.

*

Ukumbi wa Graz ulikuwa umejaa vibanda, na karibu kila kibanda kiliuza kitu kisichokuwepo kwa sauti kubwa. Kulikuwa na safari za milimani, baiskeli, asali, hata mabwawa ya kuogelea. Wanafunzi waliovaa suti za kaka zao walipeana mikono kama mawaziri.

Kwenye kibanda cha Warmfuss, jozi ya Bibi Aloisia ilikaa juu ya kitambaa chekundu. Ludmila aliwasalimu watu, na Severin, baada ya kumaliza maboksi, alipiga magoti na kuchora miguu ya wateja kwenye karatasi, mmoja baada ya mwingine. Aliwauliza wanasimama kazini au wanakaa, wana baridi ya vidole au ya visigino. Watu walikuja kucheka, wakakaa, wakavua viatu, wakasimulia habari za magoti yao. Foleni ikafika kibanda cha asali. Wenye asali wakanuna, kisha nao wakaja kupimwa.

Saa sita akaja kijana mmoja mwenye tai ndefu, mnunuzi wa kampuni ya mazoezi yenye maduka mengi.

"Nataka jozi mia tatu," alisema. "Kesho asubuhi. Mkisema ndiyo, natia saini sasa hivi."

Ludmila alimgeukia Severin bila kutaka. Jozi mia tatu zingekuwa agizo kubwa kuliko yote waliyowahi kupata. Kusema ndiyo kulihitaji neno moja tu, na Severin wa wiki mbili nyuma angelitoa kabla mtu hajamaliza kuuliza. Stoo hii aliijua, alikuwa ameilinda mwenyewe. Kwenye vitabu vya kampuni palikuwa na sufu ya jozi mia moja, basi.

"Kesho hatuwezi," alisema akiwa bado amepiga magoti. "Mia utazipata Jumanne, zilizobaki wiki inayofuata. Na nitaomba namba za wateja wako."

Kijana alicheka. "Rafiki yangu, mzigo wenyewe haupo. Unashindwaje kusema kesho?"

Masikio ya Severin yaliwaka moto. Aliyajua maneno yale. Yalikuwa yake.

Kabla hajajibu, mama mmoja mnene mwenye koti la kijani alijipenyeza kutoka kwenye foleni. "Nenda kanunue kwa hao wa kesho," alimwambia yule kijana. "Utaletewa za watoto. Mimi yamenikuta. Lakini hawa wakikosea wanakupigia simu wenyewe, na wanamjua hadi Mholanzi wako."

"Mholanzi gani?" aliuliza kijana.

"Kaa upimwe, utasimuliwa."

Kijana alisita, akatazama foleni, akavua viatu. Alitia saini ya Jumanne.

Jioni wageni wa maonyesho walipigia kura kibanda kilichowapendeza kuliko vyote. Jina la Warmfuss liliposomwa, darasa zima liliruka, na Ludmila, mkuu wa utumishi, alicheka hadi akakaa chini.

Profesa Hirzegger aliwakusanya mbele ya kibanda.

"Mwaka mzima mmeuza hewa," alisema, "na leo nimeona hewa yenu ina uzito. Slipa ni za kubuni, pesa ni za kubuni, lakini ahadi unayompa mtu haiwezi kuwa ya kubuni, kwa sababu anayeipokea yupo. Atakayelikumbuka hilo leo kwenye slipa, atalikumbuka kesho kwenye duka lake na kwenye nyumba yake. Severin, Jumatatu unarudi mauzo."

Hapo ndipo Bibi Aloisia, aliyekata tiketi licha ya yote, alipofika, amechelewa treni moja, kofia imepinda. Severin alimrukia, na furaha ikamtoa breki.

"Bibi, umekosa mambo. Mimi tangu mwanzo niliwaambia hawa: mteja kwanza. Siku ile simu ilipolia, niliposikia tu kwamba namba zimekosewa, moyo uliniuma. Nikamwambia yule mama, pole sana, tutarekebisha mara moja. Nadhani hata yeye aliguswa."

Bibi yake alikuwa anatazama kitu nyuma ya bega la mjukuu wake. Severin aligeuka taratibu.

Mama wa koti la kijani alikuwa amekaa kwenye kiti cha kupimia, miguu yake yenye vidole vilivyovimba imetulia ndani ya slipa za Bibi Aloisia.

"Endelea, kijana," alisema Bi Petschnig. "Umefika pale uliponiambia nikate ishirini na mbili, niandike arobaini na mbili."